Kipande cha pol au jenomu nzima? Ulinganisho kwa anayefuatilia aina za VVU Afrika Mashariki

Sampuli moja, majibu matatu. Nilipoisoma kwenye jeni ya pol, kile kipande ambacho maabara nyingi hukisoma kwa ajili ya usugu wa dawa, ilitoka aina C safi. Mwenzangu alikuwa amesoma kipande cha gag, jeni ya mwanzoni mwa kirusi, kwa kazi nyingine kabisa, na yeye akaandika A1. Jenomu nzima, yaani herufi zote za kinasaba za kirusi, ilipokuja kusomwa baadaye, ikaonekana sote wawili tulikuwa sahihi na sote wawili tulikosea: mwanzo ni A1, katikati C, na upande wa env, jeni ya ganda la nje, kuna D iliyopachikwa kama kiraka kwenye suruali. Aliyetoa damu ile alikuwa na kirusi cha namna moja tu. Sisi ndio tuliokuwa na vipimo vitatu.

Wanaoniuliza wachague njia gani huwa ni watu wa namna mbili. Wako wanafunzi wa uzamili wenye sampuli mia na kitu na fedha za kubana, na wako wasimamizi wa maabara waliopata mfadhili na wanataka kujua wanunue mashine gani kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Wote huanza kwa kuuliza mashine. Mimi huwarudisha nyuma kidogo, kwa sababu eneo letu lina tabia yake: asilimia ya virusi chotara, vilivyochanganya aina mbili au zaidi, utakayoandika kwenye ripoti hutegemea sana umesoma urefu gani wa kirusi. Ukibadili kipimo, na "hali halisi" inabadilika.

Kwa nini kwetu kipande kimoja hudanganya

Afrika Kusini jambo hili halina uzito mkubwa. Karibu maambukizi yote kule ni aina C, kwa hiyo popote utakapokata kirusi utapata jibu lile lile. Kwetu C inapanda kutoka kusini, A1 imetawala Kenya, D ina mizizi Uganda, na zote tatu zinakutana Tanzania. Zikikutana ndani ya mtu mmoja, yaani mtu akiambukizwa mara mbili na virusi vya aina mbili, seli moja ikabeba nakala zote mbili, kimeng'enya cha kirusi huruka kutoka kamba moja kwenda nyingine wakati wa kunakili. Kinachozaliwa ni chotara, chenye mishono pale kimeng'enya kiliporuka.

Mbeya ni mfano unaofundishia. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati ya mji, malori hulala Tunduma yakisubiri mpaka, na baa zimejipanga kando ya lami. Mwaka 2000 ulianza huko utafiti wa HISIS uliowafuatilia wanawake 600, wahudumu wa baa na wengine wenye hatari kubwa ya kuambukizwa, ukiangalia hasa hili la mtu mmoja kupata virusi viwili. Ilionekana kwamba maambukizi ya namna hiyo ni mengi zaidi kwa kundi lile kuliko kwa watu wa kawaida wa mkoa huo huo, na virusi chotara vya A1, C na D vilikuwa jambo la kila siku.

Kenya nako, jenomu 41 zilizokaribia kukamilika, kutoka kwa wachangia damu, zilichapishwa mwaka 2002. Kati yake 25 zilikuwa za aina moja tupu, 23 zikiwa A, moja C na moja D. Zilizobaki 16 zote zilikuwa chotara. Mwaka huo huo zikatoka jenomu 46 za Rakai, Uganda, na huko D pamoja na chotara za A na D ndizo zilizoongoza. Nchi mbili jirani, picha mbili. Chukua zile 41 za Kenya uzisome kwa kipande kifupi kimoja tu: sehemu ya chotara zile 16 zitahamia kimya kimya kwenye safu ya "A safi", na hakuna mtu atakayejua.

Magharibi kwetu, Kongo, mambo ni mazito kuliko hapo. Kinshasa ndiko wachambuzi wa nasaba za virusi wanakoona mlipuko ulianzia, miaka ya 1920 hivi, na huko aina zinazotapakaa ni nyingi kuliko pengine popote duniani. Aina L ilitangazwa mwaka 2019 kwa sampuli za Kongo, mojawapo ikiwa imekaa kwenye friji tangu mwaka 2001 kwa sababu kirusi kilichokuwamo kilikuwa kidogo mno kusomwa kwa mbinu za wakati ule. Anayefanya kazi Bukavu au Lubumbashi asinakili mpango wa Nairobi.

Na kama kuna anayeuliza aina zina maana gani kwa mgonjwa: katika wanawake waliofuatiliwa Mombasa tangu walipoambukizwa, wenye aina D walikuwa na hatari ya kufa zaidi ya maradufu ya wenye A, ingawa wingi wa virusi kwenye damu zao ulikuwa unalingana. Rakai nako D ilionekana kuwahi kudhoofisha watu. Hiyo ilikuwa kabla dawa za kufubaza hazijasambaa. Leo mgonjwa wa A na wa D wanaandikiwa dawa ile ile, na nayo inawafaa wote.

Njia za zamani, kwa haraka

Utazikuta kwenye makala za zamani, kwa hiyo uzijue, basi. Ya kwanza ni ile ya miaka ya 1990 ya kuchanganya kamba za DNA za kirusi chako na za kirusi kinachojulikana, kisha kuzikimbiza kwenye jeli: zisizofanana huburuta miguu, zinazofanana hukimbia. Rahisi, haihitaji mashine ya kusoma herufi, lakini inaangalia sehemu moja au mbili tu.

Ya pili ilibuniwa kwa ajili yetu hasa, kwa aina A, C na D: probu za kila aina, vipande vya DNA vinavyowaka vikikutana na aina yao, zinarushwa kwenye maeneo kadhaa ya jenomu kwa mashine ya PCR, ile inayokuza DNA, yaani kuzidisha nakala zake; ukiona gag imewaka A na env imewaka C unajua una chotara, na ukiona eneo moja limewaka rangi mbili unashuku maambukizi mawili. Ndiyo iliyobeba kazi kubwa ya Mbeya. Naiheshimu. Lakini probu huona kile tu ilichotengenezwa kukiona; kirusi kigeni kikipita, hakiwaki chochote. Leo usianze nayo, isipokuwa una maelfu ya sampuli na unataka kuchuja zipi zisomwe kwa undani.

Kwa hiyo mashindano ya kweli yamebaki kati ya wawili.

Kipande cha pol kwa Sanger

Huyu ndiye mwenyeji; Sanger ni ile mbinu ya zamani ya kusoma herufi za DNA. Maabara nyingi za rufaa zinazopima usugu wa dawa zinamfahamu: unakuza eneo la protiazi na sehemu ya kwanza ya rivasi transkriptazi, vimeng'enya vya kirusi vinavyolengwa na dawa, unapata herufi 1,000 hadi 1,300 hivi, unazipeleka kwenye programu ya Stanford, inakuletea orodha ya mabadiliko kama K103N au M184V, na pembeni inakuandikia aina ya kirusi. Kirusi cha rejea, HXB2, kina herufi 9,719. Yaani umesoma kama sehemu moja ya nane.

Nguvu yake ni kwamba data ipo tayari. Kila mgonjwa aliyepimwa usugu tangu huduma hiyo ianze ameacha kipande cha pol nyuma yake, na kwa kutumia vipande hivyo unaweza kulinganisha mkoa na mkoa, mwaka na mwaka. Jenomu nzima haina hazina ya namna hiyo. Tena pol hukua vizuri hata kwenye damu iliyokaushwa kwenye kadi, jambo ambalo kwa kituo cha Sumbawanga vijijini au Turkana ndilo linaloamua kama sampuli itafika au haitafika.

Tangu Shirika la Afya Duniani lilipoitangaza dolutegravir mwaka 2019 kuwa dawa ya kuanzia, maabara zimelazimika kuongeza kipande cha integrazi, kimeng'enya ambacho dawa hiyo hukizuia, herufi 860 na kidogo. Lengo ni usugu, lakini anayefuatilia aina amepata zawadi ya bure: sasa anasoma pol karibu yote yenye maana, na mshono uliokuwa umejificha kati ya rivasi transkriptazi na integrazi unaonekana. Kama maabara yako inasoma integrazi lakini aina ya kirusi bado mnaichukua kwenye kipande cha zamani peke yake, hilo lirekebishwe leo, halina gharama.

Sasa kasoro. Sanger husoma wastani wa virusi vyote vilivyomo kwenye mrija. Kirusi kilicho chini ya asilimia 15 au 20 ya wenzake hakionekani. Na pale mtu alipo na virusi viwili vinavyokaribiana kwa wingi, mchoro unaotoka mashineni unaharibika: vilele viwili vinapanda nafasi moja, hapa kijani juu ya nyekundu, pale nyeusi juu ya bluu, herufi baada ya herufi, mpaka programu inakata tamaa na kujaza N. Fundi mwenye foleni ya sampuli 90 anaandika "imeshindikana", anaendelea na inayofuata. Nimefanya hivyo mwenyewe, si mara moja. Nikaja kugundua kwamba kwa kutupa michoro ile nilikuwa nawatupa hasa wale watu ambao chotara huzaliwa ndani yao, halafu mwisho wa mwaka naandika kwamba chotara si wengi. Kama utabaki na Sanger, weka safu kwenye daftari ya "vilele viwili" iliyo tofauti na "haikukua". Safu hiyo moja itakufaa kuliko programu yoyote.

Kasoro nyingine haitokani na mbinu, inatokana na mahali sampuli zinakotoka. Vipande vya pol vilivyojaa kwenye hazina zetu ni vya watu ambao dawa zimewashinda. Hao si sura ya maambukizi ya mkoa mzima. Aliyeanza dawa mwaka jana na wingi wa virusi ukashuka hajawahi kusomwa, na pengine hatasomwa kamwe.

Jenomu nzima

Hapa kuna mashine mbili sokoni, na watu hugombana kuhusu mashine kama wapenzi wa Simba na Yanga. Nitaanza na jambo linalozigusa zote mbili.

Kukuza herufi zaidi ya elfu tisa kwa mkupuo mmoja ni kazi ngumu, kwa hiyo wengi hukata jenomu vipande vinne vinavyopandana mwishoni, kila kimoja na praima zake, vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia ukuzaji, kisha wanaviunga kwenye kompyuta. Sampuli yenye virusi vingi, vipande vyote vinne vinakuja. Virusi vikiwa vichache, kimoja au viwili vinagoma, na mara nyingi ni upande wa env, ambako kirusi hubadilika sana na praima hukosa pa kushika. Unabaki na jenomu yenye pengo mahali ulipotaka kuona.

Hatari isiyosemwa sana ni chotara wa maabara. Damu ikiwa na virusi viwili, wakati wa PCR kimeng'enya kinaweza kuachia katikati ya kamba; ile nusu kamba, mzunguko unaofuata, inajishikiza kwenye kamba ya kirusi kingine na kumaliziwa hapo. Umetengeneza mseto ambao mgonjwa hana. Na hata bila hilo, kipande cha kwanza kikikua kutoka kirusi A na cha pili kutoka kirusi C, kompyuta itaviunga bila kuuliza. Dawa yake ni kuizimua sampuli mpaka kila mrija ubaki na nakala moja: ukiona chini ya mirija 30 kati ya 100 imekuza kitu, una uhakika wa kutosha kwamba ile iliyokuza ilianza na nakala moja tu. Inakula vitendanishi na muda. Kwa sampuli zote haiwezekani. Kwa chotara unayetaka kumpa jina, ni lazima.

Kumpa jina kwenyewe kuna masharti. Ili chotara apewe namba na kuhesabiwa kuwa anazunguka kwenye jamii, mseto huo huo wenye mishono ile ile uonekane kwa watu watatu wasiohusiana. CRF10_CD ilipita mtihani huo kwa sampuli za Dar es Salaam, CRF21_A2D kwa za Kenya. Wengi wa chotara wetu hawafiki hapo, kila mmoja ana mishono yake peke yake. Kwa kipande cha pol huwezi hata kuanza hoja hiyo.

Sasa mashine. Illumina husoma vipande vifupi vya herufi 150 hadi 300, lakini kwa mamilioni, na kila herufi unaweza kuiamini. Virusi vya asilimia chache tu vinaonekana. Inachokosa ni mwendelezo: ukiona mshono huku na mshono kule, haikuambii kama vyote viwili viko kwenye kamba moja. Pia inataka ujaze mzigo. Ukiiwasha kwa sampuli nane, gharama ya kila moja inauma. Ukiipa mia, inashuka. Maabara isiyo na sampuli za kutosha hubaki inasubiri miezi, na anayesubiri majibu ya usugu hana miezi.

Nanopore ni kifaa cha kiganjani kinachochomekwa kwenye kompyuta, na maabara nyingi za kanda yetu zilikipata wakati wa korona. Kinasoma kamba ndefu moja kwa moja, kwa hiyo nusu ya jenomu unaweza kuipata kwenye kamba moja na mishono yake yote, bila kushona chochote. Kwa kazi ya chotara hiki ni kitu kikubwa. Udhaifu wake ni pale herufi moja inapojirudia: kinapoteza hesabu. Kwenye VVU mahali pabaya ni kodoni (herufi tatu tatu) za 64 hadi 66 za rivasi transkriptazi, ambako asidi amino ya lisini inafuatana mara tatu na herufi A imejaa, na humo ndimo K65R, badiliko la usugu, hukaa. Kemia mpya zimepunguza tatizo, ila mimi K65R ya nanopore naithibitisha kwa Sanger kabla ya kumpigia daktari. Halafu vile vibapa vya kusomea vinahitaji friji na maisha yake ni mafupi. Boksi likikwama forodhani wiki tatu kwenye joto la Dar, unapokea boksi la mapambo.

Kwa anayependa kuona vitu vimekaa bega kwa bega:

| | Pol kwa Sanger | Jenomu nzima |
|---|---|---|
| Kinachosomwa | herufi 1,000–1,300; karibu 2,200 ukiongeza integrazi | karibu zote 9,700, vipande vyote vikikua |
| Chotara | huona wenye mshono ndani ya pol tu | huona mishono popote, na mahali ilipo |
| Virusi viwili kwa mtu mmoja | vilele viwili, mara nyingi hutupwa | huonekana, hata kimoja kikiwa kichache |
| Kadi ya damu kavu | inakubali, virusi vikizidi 1,000 kwa mililita | kwa taabu |
| Kulinganisha na miaka ya nyuma | rahisi, hazina ipo | vigumu, za zamani ni chache |
| Kinachokwamisha | praima zilizobuniwa kwa aina B | wachambuzi wa data, na vitendanishi kufika kwa wakati |

Kuhusu huo mstari wa mwisho: mashine hupatikana. Mtu wa kukaa na data wiki nzima, anayejua mti wa nasaba unasema nini na ni lini hausemi kitu, ndiye adimu. Ukipewa fedha za mashine bila fedha za mshahara wake, kataa, au omba zigawanywe.

Sampuli kabla ya mashine

Kuna shehena ya kadi za damu niliyowahi kuipokea kutoka wilayani, karibu mia mbili. Kila mfuko ulikuwa na kijikaratasi cha kuonyesha unyevu, kile kinachokuwa bluu hali ikiwa kavu. Vyote vilikuwa vimegeuka waridi. Mtu alizifunga kadi kabla damu haijakauka vizuri, na zile chembe za kunyonya unyevu zilikuwa zimeshatumika zamani. Mduara wa damu kwenye kadi nzuri una rangi ya kahawia iliyokolea, sawa kila mahali. Hizi zilikuwa na ukingo mweusi na katikati pamepauka. Tulipata pol kwa chini ya nusu. Jenomu nzima hatukujaribu hata moja. Kadi ikiwa imetunzwa vizuri, wiki mbili kwenye joto la kawaida inavumilia, baada ya hapo ikae kwenye baridi kali.

Plazima iliyogandishwa ndiyo bora kwa vyote viwili, kama mnyororo baridi wako ni wa kuaminika. Lakini hapa kuna jambo jipya ambalo mipango ya zamani haikulifikiria: watu wanameza dawa, na dawa zinafanya kazi. Wengi wa wanaoishi na VVU katika nchi zetu leo plazima yao haina kirusi cha kusoma. Ukitaka kujua wana aina gani, utaingia kwenye DNA ya kirusi iliyojificha ndani ya seli. Humo utakuta makumbusho, virusi vya miaka kumi iliyopita vimelala pamoja na vya juzi, na vingine vimeharibiwa na kinga ya mwili kwa kubadilishwa G kuwa A kila mahali mpaka jeni zimejaa alama za kusimama. Usipoziondoa hizo, mti wako wa nasaba utakuwa na matawi marefu ya ajabu, na utaandika makala kuhusu kirusi ambacho hakijawahi kumwambukiza mtu.

Programu za kutaja aina

Hapa nitakuwa mfupi. COMET ni ya haraka sana. REGA huchanganya mti wa nasaba na kupitia kipande kidogo kidogo kutafuta mishono. jpHMM ndiyo nzuri kwa kuonyesha mshono uko wapi kwenye jenomu ndefu. Zikipewa A, C au D tupu hukubaliana. Zikipewa chotara wetu, kila moja husema lake, na kwenye kipande kifupi jibu la "A1" na la "chotara A1/D" linaweza kutofautiana kwa herufi thelathini tu. Tumia mbili. Zikigombana, chora mti mwenyewe ukiwa na virusi vya rejea vya kanda yetu, si vile vya Ulaya vilivyokuja na programu. Na kwenye ripoti andika ulitumia toleo gani.

Basi, nani achukue nini

Kama swali lako ni usugu wa dawa wa nchi au mkoa, chukua pol pamoja na integrazi kwa Sanger, kwenye kadi za damu kavu, uache kuumiza kichwa. Aina ya kirusi itoe kama taarifa ya ziada, na uandike wazi kwamba ni aina *kwenye pol*. Maneno hayo mawili yangeokoa mabishano mengi.

Kama swali ni virusi gani vinachanganyika wapi, au unasaidia watu wa chanjo, pol haitoshi hata kidogo. Chanjo nyingi hulenga env na gag, na maeneo hayo pol haikuambii lolote. Majaribio ya HIVIS yaliyoanza Muhimbili mwaka 2007 yalitumia chanjo ya kuimarisha ambayo env yake ilitoka kwa kirusi cha Thailand, CRF01_AE. Kulikuwa na sababu zake za kisayansi, lakini anayetaka kujua kinga kama hiyo ingekutana na nini mitaani Dar au Mbeya anahitaji env za Dar na Mbeya, nzima. Hapo chagua jenomu, na mimi ningeanza na nanopore ya kamba ndefu, kisha Illumina kwa zile chache zenye utata.

Kama swali ni virusi vinasafiri kutoka wapi kwenda wapi, soma kazi ya Rakai kwanza. Kwenye mialo ya Ziwa Victoria karibu watu 4 kati ya 10 walikuwa na VVU, na kila mtu, viongozi wakiwamo, aliamini wavuvi ndio wanaovisambaza bara, yaani vijiji vilivyo mbali na ziwa. Mradi wa PANGEA uliposoma jenomu kwa kina, ilionekana maambukizi mengi yanabaki ndani ya kila eneo, na yale yanayovuka yanatoka bara kwenda ziwani zaidi kuliko kinyume chake. Pol ya Sanger isingeweza kusema hivyo, kwa sababu haioni ule mchanganyiko wa virusi ndani ya mtu unaoashiria mwelekeo.

Lakini uwezo huo ndio unaonitia hofu. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 na ya Uganda ya mwaka 2014 zote zinamwadhibu anayeambukiza kwa makusudi. Uchambuzi wa mwelekeo unaaminika kwa makundi. Kwa watu wawili, mmoja na mwenzake, hauthibitishi kitu, maana anaweza kuwapo wa tatu ambaye hujampima. Mwanasheria hatalijua hilo, na mume mwenye hasira halijui. Ukichukua njia hii, jina la kijiji lisikae kwenye faili moja na mfuatano wa herufi, na kamati ya maadili ijue kabla, si baada.

Na kama, kama wengi, huna swali moja bali una mfadhili mmoja: soma pol kwa wote, jenomu nzima kwa sehemu ndogo, tuseme mmoja kati ya kumi. Hao wa jenomu wachague kwa bahati nasibu. Kishawishi ni kuwachukua wale ambao pol yao imekuja na kituko, kwa sababu hao ndio wanaovutia. Ukifanya hivyo utapata chotara wengi wa kupendeza na hutaweza kusema wao ni asilimia ngapi ya mkoa, kwa sababu wale waliotoka "C safi" hukuwagusa. Sampuli yangu ya mwanzo ingepitwa hivyo hivyo. Tuliisoma kwa sababu tu kura iliangukia kwenye namba yake.

Bado ipo kwenye friji ya nyuzi hasi 80, kichupa kimoja kimebaki. Kwenye jedwali la mwaka ule imehesabiwa C, na mpaka leo hakuna aliyeirekebisha.